Siku Mchongoko Ilipopita Erlmoos

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Afra Lechner aliwapa sungura majani, akafuta vioo vya taa, kisha akamsaidia mama yake kushusha vizuizi vya barabara. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Kulikuwa na mpini wa chuma nje ya mlango wao. Ukiuzungusha, nyaya zilivutika, na miti miwili mirefu iliyopakwa rangi nyeupe na buluu ikashuka taratibu kuwazuia wapita njia mpaka treni ipite.

Nyumba yao ilikuwa kando ya reli itokayo Augsburg kwenda Munich, nje kidogo ya kijiji cha Erlmoos. Ilikuwa nyumba ya shirika la reli. Baba yake Afra alikuwa fundi wa njia ya reli, na alipofariki kwa homa ya mapafu, mjane wake Kreszenz alipewa kazi ya kulinda kivuko pamoja na nyumba ya kukaa. Kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka. Mama hakulisema jambo hilo mara nyingi, lakini Afra alilijua kama alivyojua jina lake.

Mbele ya nyumba palikuwa na nguzo yenye kengele kubwa juu yake. Treni ilipokaribia stesheni ya jirani, Bwana Xaver Demmel, mlinzi wa ishara wa stesheni hiyo, alibonyeza kitufe, na umeme ukaifanya kengele ya Erlmoos ilie. Hapo ndipo vizuizi vilipaswa kushushwa. Ila treni za kawaida hazikuwa na haraka. Baada ya kengele kulia, mtu aliweza kumenya viazi vya chakula cha mchana na bado asione moshi.

Ndiyo maana wakulima walikuwa na desturi yao. Kengele ikilia na gari la mtu likiwa karibu, Afra alipiga magoti, akalaza sikio juu ya reli, akasikiliza. Mlio kama wa nyuki ulimaanisha treni iko mbali. Mlio kama wa nyundo ulimaanisha funga upesi.

"Haya, Daktari," wakulima walimtania, "mgonjwa anasemaje?"

"Bado anapumua polepole. Piteni!"

Nao wakapita, wakicheka, wakimwambia mama yake kwamba masikio ya binti huyu yana thamani kuliko kengele. Mama alimkemea mara mbili tatu. Lakini Afra hakuwahi kukosea, na mtu asiyewahi kukosea ni vigumu kumkanya. Mama akaacha.

Mwezi wa Juni, Kuni Demmel alikuja shuleni na habari. Kuni alikuwa binti wa yule mlinzi wa ishara, na dawati lake lilikuwa mbele ya dawati la Afra.

"Karakana ya Munich imeunda injini mpya," alisema, huku watoto wamemzunguka. "Ya majaribio. Moja tu. Baba ameiona kwa macho yake. Magurudumu yake ni marefu kuliko mtu!"

"Kuliko mtu gani? Kuliko wewe, kibete?" akauliza Wigg, mtoto wa mwokaji mikate.

"Kuliko baba yako na tumbo lake, ukimsimamisha. Na pua yake imechongwa kama kalamu ili ikate upepo. Baba anasema hakuna farasi, hakuna motokaa, hakuna chochote duniani kitakachoifikia."

Tangu siku hiyo watoto wa Erlmoos waliiita Mchongoko. Ilianza kupita kwa majaribio madogo madogo, wakati mwingine peke yake, wakati mwingine ikivuta mabehewa machache yaliyojaa wahandisi. Ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa, na haikuhema kama injini nyingine. Ilipita kama mtu aliyevaa soksi anavyokimbia juu ya zulia.

Kisha walinzi wote wa vivuko wakaletewa amri mpya. Siku za majaribio, kengele ikilia tu, vizuizi vishushwe papo hapo. Asipite mtu, awe mkulima au askofu.

"Umesikia, Afra?" Mama aliuliza. "Mambo ya kulaza sikio yamekwisha."

"Nimesikia, Mama."

Siku moja ya majaribio hayo, Mama aliamka hawezi kumeza hata maji. Koo lilikuwa limevimba na masikio yanamuuma. Afra alimpashia mafuta moto kidogo, akachovya pamba, akamziba masikio kama walivyofanya siku zote, akamlaza.

"Nenda ukamwite mke wa Demmel anishikie zamu," Mama alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Mama, ni mbali. Na mimi nipo. Kuzungusha mpini najua."

Mama alijaribu kuinuka. Homa ilimshinda nguvu. "Ikilia, shusha. Usipandishe mpaka ipite. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Ilipokaribia saa sita wingu jeusi lilipanda kutoka magharibi. Mzee Vitus Stadler alikuwa anatoka shambani na gari la nyasi kavu, limepakiwa hadi juu, likivutwa na maksai wawili. Mvua ikinyesha juu ya nyasi zile, kazi ya wiki nzima ingeoza. Alikuwa bado hajafika kivukoni kengele ilipolia.

Afra alishusha vizuizi, kama alivyoambiwa.

"Afra! Mwanangu!" Stadler alipiga kelele. "Unanifungia mimi? Hulioni wingu hilo?"

"Ni amri, Mzee Stadler. Leo inapita Mchongoko."

"Amri, amri! Ghala langu lile pale, unaliona. Hebu Daktari, mpime mgonjwa kwanza. Akiwa karibu, nitangoja. Sitasema neno."

Afra alisita. Alilitazama wingu, akawatazama maksai, akautazama mlango wa nyumba uliofungwa. Kulaza sikio tu hakuna ubaya, aliwaza. Akapiga magoti.

Reli ilitoa mlio wa nyuki. Mbali kabisa.

"Bado," alisema, na hakuweza kuzuia tabasamu. "Ila upesi, Mzee!"

Akazungusha mpini, miti ikapanda. Maksai wakaingia kivukoni kwa mwendo wao uleule wa siku zote. Gurudumu la mbele likavuka reli ya kwanza, likavuka ya pili. Afra alikuwa bado ameshika mpini alipohisi ardhi inatetemeka chini ya viatu vyake. Mlio wa nyuki ulimaanisha mbali kwa treni ya kawaida. Injini hii haikuwa ya kawaida.

Kipenga kililia. Kikalia tena, kirefu, kikali, hakikukoma. Stadler aliwachapa maksai kwa nguvu zake zote, nao wakaruka mbele kwa woga. Breki zikaanza kusaga, cheche zikaruka. Mchongoko ikatokea kwenye kona ya miti, pua mbele, ikaja, ikaja, ikalikumba gari la nyasi nyuma kabisa, pale ambapo sekunde chache baadaye pangekuwa patupu.

Fremu ya mbao ya nyuma ya gari ilivunjika vipande. Nyasi zilitapakaa angani kama manyoya ya mto uliopasuka. Injini ilikwenda mbele kipande kirefu, kisha ikasimama, pua imebonyea, mwili wote umefunikwa nyasi.

Maksai walikuwa wazima. Stadler alikuwa mzima. Lakini kule kwenye injini mtu alikuwa anapiga mayowe. Dereva alipokaza breki, mchochea moto alirushwa mbele, akashika mlango wa tanuri kwa mkono mtupu.

Stadler alimshika Afra begani. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Nisikilize vizuri. Kengele haikulia. Umenielewa? Kama ililia, kosa ni la kivuko, na kivuko ni cha mama yako. Kesho mtalala barabarani. Haikulia. Mimi nami nitasema sikuisikia."

Watu walikuwa wanakuja wakikimbia kutoka kwenye mabehewa. Wa kwanza alikuwa Mhandisi Zirngibl, mwanamume mrefu mwenye ndevu fupi, kofia imemdondoka. Hakugombeza. Aliuliza kwa sauti ya chini, na hilo lilitisha zaidi.

"Nani alikuwa kwenye mpini?"

"Mimi," Afra alisema. "Mama ni mgonjwa."

"Kengele ililia?"

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mama alisimama hapo, amejifunga shuka, pamba masikioni, akiwa hajui ni nini kimetokea.

"Haikulia," alisema Afra.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mchongoko ilirudishwa karakana ikanyooshwe pua. Mchochea moto alipelekwa hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Siku kubwa ya majaribio, ambayo wakubwa wengi walikuwa wamealikwa, iliahirishwa. Kengele ilikaguliwa na mafundi wakasema haina kasoro yoyote. Basi ikabaki sababu moja tu: Xaver Demmel hakubonyeza kitufe. Alisimamishwa kazi mpaka shauri liamuliwe.

Mama alipopona alimuuliza Afra mara moja tu. "Kweli haikulia?"

"Kweli, Mama."

"Mimi nilikuwa na pamba masikioni," Mama alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Hakuuliza tena. Alipika supu ya matonge ya unga, na Afra akayaacha mengi bakulini.

Shuleni Wigg na wenzake walipata mchezo mpya. Kuni akipita, waliinamisha vichwa juu ya madawati na kukoroma.

"Demmel, Demmel, amka! Treni imepita!"

"Mwacheni baba alale, jamani, kachoka!"

Kuni hakuwajibu. Yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu sasa alipita na kitabu chake kifuani, macho chini. Afra hakukoroma kama wengine. Hakuwakataza pia.

Siku moja baada ya shule, Kuni alimngoja kwenye njia ya kwenda kivukoni. Afra alipomwona alitamani kugeuka, lakini njia ilikuwa moja.

"Sikuja kugombana," Kuni alisema. "Nataka kukuuliza tu. Wewe ulikuwepo. Labda kulikuwa na upepo? Labda sungura walipiga kelele, ukasikia vibaya?"

"Sungura hawapigi kelele, Kuni."

"Najua." Kuni aling'oa jani la nyasi, akalichanachana. "Mwanzoni Baba alisema amebonyeza. Aliapa. Alisema anaukumbuka hata ubaridi wa kitufe kwenye kidole. Sasa anakaa kwenye kiti, anaunyoosha mkono hivi, anabonyeza hewa. Jana alimwambia Mama, 'Labda kweli nilisahau. Kama nilisahau siku hiyo, nilisahau mara ngapi kabla yake? Nimewahatarisha watu wangapi?' Afra, hataki kurudi kazini hata wakimruhusu. Anasema hajiamini tena."

Afra alikuwa amejiandaa kwa Kuni mwenye hasira. Kwa maneno haya hakuwa amejiandaa.

"Basi," Kuni alisema. "Kama haikulia, haikulia. Nilitaka kujua tu." Akaondoka.

Afra aliingia nyumbani bila kuvua viatu. Mama alikuwa anafua.

"Mama, kengele ililia."

Mama aliendelea kusugua shuka, mara moja, mara mbili, kisha mikono ikatulia ndani ya maji. Afra alimweleza yote: wingu, nyasi, nyuki, na maneno ya Stadler. Alipomaliza, alingoja kofi. Mama hakumpiga. Alikaa juu ya kigoda, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Na mimi nilikuwa nakuona hulali," alisema. "Nilikuwa nakuona huli. Sikukuuliza mara ya pili kwa sababu niliogopa jibu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Vaa gauni la kanisani. Twende."

"Watatufukuza, Mama."

"Huenda. Vaa."

Mhandisi Zirngibl alikuwa stesheni siku hiyo pamoja na mkaguzi wa njia, mzee mmoja mnene aliyependa kugonga meza kwa kidole. Walikuwa wanapanga upya siku ya majaribio. Mama alibisha hodi, akamsukuma Afra mbele kidogo, akasema, "Binti yangu ana neno. Atalisema mwenyewe."

Afra alilisema. Sauti ilikatika mara mbili, lakini alifika mwisho.

Mkaguzi aligeuka mwekundu kama bitiruti. "Unajua ulichofanya, mtoto wewe? Mtu ameungua mkono! Mtu mwingine karibu apoteze kazi! Na nyinyi mnapewa nyumba ya shirika mkalinde nini? Sungura?"

"Kosa la zamu ni langu," Mama alisema. "Nilipaswa kuita mtu mzima. Sikuita. Na desturi ile ya kulaza sikio niliijua nikaiachia. Yeye ni mtoto. Mpini ni wangu."

Zirngibl alimuuliza Afra, "Ulisikia mlio wa namna gani kwenye reli?"

"Kama nyuki, Bwana."

"Kwa treni nyingine, nyuki maana yake nini?"

"Kwamba gari la nyasi linavuka na muda unabaki."

"Na kwa hii?"

"Kwa hii, hakuna muda."

Mhandisi alimgeukia mkaguzi. "Kama gari lingekwama katikati ya reli kengele ilipolia, lingewahi kuondolewa?"

Mkaguzi aliacha kugonga meza. Alifikiri. "Kwa nguvu za maksai wawili? Hapana," alikiri.

"Basi tuna kazi ya kufanya. Injini inayokimbia hivi haiwezi kuarifiwa na stesheni ya jirani pekee. Kengele ianze stesheni moja nyuma yake." Akamtazama Afra tena, na uso wake haukulegea. "Usidhani nimekusamehe kwa sababu hiyo. Kengele ililia, ukaifuata, kisha ukajiona unajua zaidi. Ukaongeza uongo juu yake. Mchochea moto anaitwa Korbinian Huber. Utakwenda hospitali umwambie uso kwa uso."

Hukumu ilitoka wiki iliyofuata. Mama alipewa onyo la mwisho, lakini akaachiwa kivuko na nyumba. Afra alikatazwa kugusa mpini mpaka awe mtu mzima. Stadler aliitwa, akajaribu kusema hakumbuki vizuri, kisha alipoambiwa msichana amesema yote, akainamisha kichwa na kukubali. Tangu siku hiyo wakulima wenzake walimngojesha mwisho kwenye foleni ya kinu, na hakulalamika.

Afra alikwenda hospitali. Korbinian Huber alikuwa kijana mwenye madoadoa usoni, na alimsikiliza hadi mwisho. "Unauma bado," alisema, akiuinua mkono. Kisha akageukia ukutani. Hakumwambia kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu. Afra alirudi nyumbani na jibu hilo.

Aliyebaki ni Bwana Demmel.

Siku kubwa ilipofika mwezi wa Julai, vizuizi vya Erlmoos vilishushwa na Mama peke yake. Afra alitumwa stesheni. Kuni alikuwa mlangoni. Alisogea kando ampishe, bila kutabasamu, lakini alisogea. Ndani ya chumba cha ishara Demmel, aliyerudishwa kazini na hii ikiwa siku yake ya kwanza, alikuwa amevaa sare yake, vifungo vimesuguliwa, na alikuwa amesimama mbele ya kitufe.

"Mungu akusalimu, Bwana Demmel," Afra alisema. "Nimekuja kusema…"

"Mama yako amekwisha niambia. Sema hata hivyo."

Alisema. Demmel alimsikiliza mikono ikiwa mgongoni. Kabla hajajibu, chombo cha telegrafu kilianza kugonga: Mchongoko imepita stesheni ya nyuma. Demmel akainua mkono. Afra aliuona ule mkono ukisita hewani.

Kisha ukabonyeza. Mbali, upande wa Erlmoos, upepo ulileta sauti ya kengele.

"Imelia?" Demmel aliuliza, bila kugeuka.

"Imelia, Bwana Demmel."

"Kuni?"

"Imelia, Baba."

Akashusha pumzi ndefu.

Mchongoko ilipita. Watoto walisema baadaye kwamba hawakuiona, waliona tu rangi ya kijani na upepo ukawapokonya kofia. Jioni habari ilifika kwamba ilikuwa imevuka kilomita mia moja na hamsini kwa saa, na stesheni nzima ikashangilia. Injini nyingine ya namna ile haikuundwa. Baada ya miaka michache watu walianza kusafiri kwa treni nzito zenye mabehewa mengi, na injini ile, iliyoundwa kwa mwendo na si kwa mzigo, ilipewa safari ndogo ndogo, kisha ikawekwa mahali pa kutazamwa. Lakini mambo iliyowafundisha mafundi yaliingia katika injini nyingine nyingi, na kengele za njia ile hazikurudi kulia kwa mtindo wa zamani.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile, shangwe zilipopungua, Demmel alikaa kwenye kiti chake na kuwaita wasichana wote wawili.

"Afra, kuisikiliza reli si dhambi. Una masikio mazuri. Ila mazoea yalikudanganya, na mazoea huwadanganya zaidi wale ambao hawajawahi kukosea. Hilo ni kosa, na kila mtu hukosa. Uongo ni jambo jingine. Kusimamishwa kazi ningevumilia, na kuchekwa ningevumilia. Lakini wewe uliniingia kichwani ukachukua kitu nilichokuwa nakijua. Mwizi akiiba kuku, mwenye kuku anajua ameibiwa. Mwongo huiba ukweli wa mwenzake, na mwenzake akaanza kujishuku mwenyewe."

Afra alikuwa analia kimya kimya.

"Umekirudisha," Demmel aliendelea. "Umechelewa, lakini umekirudisha mwenyewe, ukijua nyumba yenu ingeweza kwenda. Wako watu wazima wasioweza hilo. Siku nyingine ukiharibu jambo, na utaharibu, sema siku hiyohiyo. Ukweli unaosemwa mapema huumiza mtu mmoja. Ukicheleweshwa, unaumiza hata wasiokuwepo."

Akainuka, akavaa kofia yake.

"Haya, nendeni. Treni ya saa kumi na moja inakuja, na mimi nina kazi."